Uanaume Uliohitaji Mashahidi: Majukwaa ya London, 1587–1660

Katikati ya Novemba 1587, bwana mmoja kijana aitwaye Philip Gawdy alimwandikia baba yake kutoka London habari ya msiba. Waigizaji wa kundi la Admiral walikuwa wamemfunga mwenzao kwenye nguzo ili wamuue kimchezo, wakaazima bunduki za kweli kwa kazi hiyo. Moja ilikuwa na risasi. Mwenye kuishika aliyumba, risasi ikamkosa aliyefungwa ikaingia kwa watazamaji. Mtoto mmoja na mama mjamzito walikufa papo hapo, na mtu wa tatu akajeruhiwa vibaya kichwani. Gawdy hakutaja jina la mchezo. Wanahistoria wengi wanauhusisha na sehemu ya pili ya Tamburlaine, ambamo liwali wa Babeli anatundikwa ukutani kwa minyororo na kupigwa risasi.

Mtunzi wa Tamburlaine, Christopher Marlowe, alikuwa na miaka 23, mtoto wa fundi viatu wa Canterbury aliyepata kusoma Cambridge. Shujaa wake ni mchungaji anayeanza bila kitu na kuishia kuwatia wafalme lijamu wavute gari lake. Aliyejipatia jina kwa kumwigiza ni Edward Alleyn, mtu mrefu, mwenye hatua pana na sauti ya kujaza uwanja. Kwa vijana waliosimama uani kwa peni moja, huyu alikuwa mwanamume kamili: haogopi, haombi, harudi nyuma.

Hata hivyo Marlowe alitia ndani ya sehemu ya pili tukio linaloitia doa sifa hiyo. Tamburlaine ana wana watatu. Ili kuwafunza ushujaa anajikata mkono mbele yao na kuwataka waiguse damu, waone kwamba jeraha si kitu. Wawili wanaomba nao wakatwe. Wa tatu, Calyphas, anaona ni jambo la kusikitisha tu, na siku ya vita anabaki hemani akicheza karata. Baba anamwua kwa mkono wake, mbele ya majemadari wake na wafalme aliowateka. Mtu aliyeitetemesha dunia hawezi kustahimili kuonekana baba wa mwoga.

Tukio hilo linafungua hadithi ya miaka 55 ya tamthilia za London, hadi kumbi zilipofungwa mwaka 1642. Mwanamume wa jukwaa lile hakuzaliwa mwanamume yakaishia hapo. Alitakiwa athibitishe, tena mbele ya mashahidi, na yeyote aliyeweza kumnyima ushahidi huo alikuwa amemshika pabaya.

Njia ndefu ya kuwa mtu mzima

Watazamaji waliyajua hayo kwa maisha yao wenyewe. Mtoto wa kiume wa Uingereza wa siku zile alivaa gauni kama dada zake hadi alipofika miaka sita au saba, ndipo akavishwa suruali yake ya kwanza. Katika The Winter's Tale, tamthilia ya Shakespeare ya karibu mwaka 1611, mfalme Leontes anamtazama mwanawe na kujiona mwenyewe miaka 23 nyuma, hana suruali bado, kisu chake kidogo kimezibwa kisije kikamkata mwenyewe. Kila mwanamume aliyekuwamo ukumbini aliwahi kuvaa gauni hilo.

Baada ya suruali ulikuja uanagenzi. Sheria ya mwaka 1563 ilidai miaka isiyopungua saba chini ya bwana mwenye ufundi, na mijini mwanagenzi hakuachiwa kabla ya kutimiza miaka 24. Muda wote huo alilala nyumbani kwa bwana wake, akala mezani pake, akachapwa akikosa, na kuoa hakuruhusiwa. Kwa wastani wanaume walioa wakiwa na miaka 27 au 28, kwa sababu ndoa ilidai nyumba na kazi ya kuitunza. Hawakuwa na jando lenye siku ya kuingia na siku ya kutoka. Walikuwa na karatasi ya mkataba, na wengi waliikamilisha bila kupata nyumba wala mke. Mwanahistoria Alexandra Shepard, katika kitabu chake cha 2003, ameonyesha kwamba heshima ya mwanamume mwenye kaya ilikuwa mali ya wachache. Waliobaki nje, yaani watumishi, wanafunzi na mafukara, walijitafutia heshima nyingine kwenye ulevi, ugomvi na kurandaranda usiku.

Utabibu nao uliongeza wasiwasi. Madaktari walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili: mwili wa mwanamume ni wa joto na mkavu, wa mwanamke ni wa baridi na majimaji, na mvulana yuko katikati. Joto hilo liliweza kupungua. Mapenzi ya kupita kiasi, nguo laini, muziki na uvivu viliaminika kumlegeza mtu. Uanaume uliochelewa kuja ungeweza pia kuondoka.

Wavulana waliovaa magauni

Wanawake hawakuigiza katika makundi ya kulipwa ya London. Malkia, wachumba, wachawi na wauza vinywaji wote waliigizwa na wavulana, na wavulana hao walikuwa wanagenzi kama wengine. John Heminges, mwenzake Shakespeare, alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyabiashara ya vyakula, akakitumia chama hicho kuwaandikisha wavulana ambao hawakuuza chakula hata siku moja. Walianza wakiwa na miaka 12 au 13, na wengine waliendelea na nafasi za wanawake hadi 20 na zaidi. Richard Sharpe, aliyeandikishwa kwa Heminges mwaka 1616, ndiye aliyecheza mwanamke mkuu katika The Duchess of Malfi ya John Webster, kama orodha iliyochapwa mwaka 1623 inavyoonyesha. Richard Robinson alisifiwa na Ben Jonson ndani ya tamthilia ya 1616 kwa jinsi alivyoweza kujifanya mwanamke akiwa karamuni. Baadaye Robinson akawa mwigizaji kamili wa kundi la mfalme, akamwoa mjane wa Richard Burbage, aliyekuwa wa kwanza kuwacheza Hamlet na Othello.

Kwa hiyo mvulana huyu aliufikia uanaume kwa kupitia gauni. Shakespeare alilifanyia mzaha jambo hilo katika A Midsummer Night's Dream: Flute, fundi wa kutengeneza mivukuto, anapopewa nafasi ya mwanamke anajitetea kwamba ndevu zimeanza kumwota, huku mwenzake Bottom akitaja rangi moja baada ya nyingine za ndevu bandia anazoweza kuvaa. Watazamaji walicheka, na huku wakionyeshwa kwamba alama kubwa ya mwanamume ilikuwamo sandukuni mwa kundi, ikisubiri gundi.

Si kila mzazi aliyecheka. Desemba 1600, Thomas Clifton, mvulana wa miaka kama 13, alinyakuliwa njiani akienda shule na watu wa kundi la watoto waigizaji wa Blackfriars. Walitumia kibali cha malkia cha kukusanya waimbaji wa kanisa lake. Alipewa karatasi ya maneno ya kukariri na kutishiwa mjeledi. Baba yake, bwana mwenye ardhi huko Norfolk, alimtoa kwa msaada wa mjumbe wa Baraza la Malkia, kisha mwaka uliofuata akapeleka mashtaka kwenye mahakama ya Star Chamber. Uchungu wake haukuwa wa utekaji tu. Mtoto wa bwana, aliyeandaliwa kuamuru watu, alikuwa amewekwa kuwa kichekesho cha yeyote mwenye senti.

Wahubiri walikuwa wameshaisema hofu hiyo kwa sauti. Stephen Gosson, ambaye mwenyewe aliwahi kutunga michezo, alichapisha mwaka 1579 kitabu kilichoilaumu sanaa hiyo kwa kuwalegeza Waingereza waliokuwa wagumu wa vita. Philip Stubbes, mwaka 1583, alishika Torati na katazo lake la mwanamume kuvaa vazi la mwanamke: nguo, alidai, ndiyo alama ya kutofautisha jinsia, na anayeibadilisha anaichafua jinsia yake. Ukiyasoma kwa makini, mashambulizi haya yana ungamo ndani yake. Kama nguo inaweza kumfanya mwanamume kuwa nusu mwanamke, basi uanaume umeshikiliwa na vifungo tu.

Jibu la mwandishi Thomas Nashe, mwaka 1592, halikugusa magauni. Alielekeza kidole kwa Talbot, jemadari wa vita vya Ufaransa, ambaye baada ya karne na zaidi kaburini alifufuliwa jukwaani na kuliliwa na maelfu. Mchezo wenyewe huenda ndio ule ambao Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, aliuandika katika daftari lake tarehe 3 Machi 1592, ukiwa na mapato ya pauni 3, shilingi 16 na peni 8. Ndani ya tamthilia hiyo Talbot anamsihi mwanawe akimbie kifo, naye anakataa, kwani akikimbia watu watasema si mwana wa Talbot. Nashe aliona humo shule ya ushujaa. Mtu mwingine angeweza kuona kijana anayekufa ili cheti cha kuzaliwa kwake kisitiliwe shaka.

Upanga wa mjini

Vita vya kweli vilikuwa mbali, na watazamaji wengi hawakuwahi kuviona. Walichokiona kila siku ni upanga mwembamba kiunoni mwa kila aliyetaka kuitwa bwana. Mwalimu wa Kiitaliano Vincentio Saviolo alichapisha mwaka 1595 kitabu cha kufundisha matumizi ya upanga huo na kanuni za kumjibu aliyekutukana. Karibu na wakati huohuo Shakespeare, katika Romeo and Juliet, alimleta Tybalt, kijana anayepigana kwa mujibu wa kitabu, na Mercutio anayemcheka kisha anakufa kwa upanga huohuo. Romeo, aliyetoka kufunga ndoa saa chache zilizopita, anajilaumu kwamba uzuri wa Juliet umemfanya laini kama mwanamke. Anachomoa upanga kuuondoa ulaini huo, na kuanzia hapo hadithi ya mapenzi inageuka hadithi ya makaburi.

Septemba 1598 mambo ya jukwaani na ya mtaani yaligongana. Mwezi huo kundi la Shakespeare lilikuwa likicheza Every Man in His Humour, tamthilia mpya ya Ben Jonson, ambamo askari wa maneno, Bobadilla, anajigamba jinsi watu ishirini kama yeye wangelimaliza jeshi zima la adui kwa kupigana mmoja mmoja. Akija kupigwa, anapigwa kama punda na haoni pa kuficha uso. Tarehe 22 ya mwezi huohuo Jonson mwenyewe alikutana na mwigizaji Gabriel Spencer kwenye mashamba ya Hoxton, wakapigana kwa panga, na Spencer akafa. Jonson aliponea kitanzini kwa sababu alijua kusoma Kilatini, nafuu ambayo sheria iliwapa wasomi, akapigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba. Mtu aliyewachekesha watu kwa kumdhihaki mwenye kiburi cha upanga hakuweza kukataa mwaliko wa upanga.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Septemba 1599, msafiri kutoka Basel, Thomas Platter, alivuka mto Thames akatazama tamthilia ya Shakespeare ya Kaizari. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963. Humo Kasio, akimshawishi Bruto ajiunge na njama ya kumwua Kaizari, hatumii hoja za katiba. Anamsimulia jinsi Kaizari alivyoshindwa kuogelea mto, na alivyolilia maji akiwa na homa kama msichana mgonjwa. Porshia, mke wa Bruto, naye anajua mizani inayotumika: anajijeruhi paja ili mumewe akubali kwamba anaweza kutunza siri. Mwanamke analeta jeraha kama ushahidi, jambo lilelile Tamburlaine alilowafundisha wanawe.

Mfalme wa amani na wanaume wenye shaka

James wa Kwanza alitawazwa mwaka 1603, na mwaka uliofuata akafanya amani na Uhispania. Askari walirudi nyumbani. Tamthilia kuu za miaka hiyo zimejaa wanaume wa vita wasiojua la kufanya wakiwa sebuleni, na kila mmoja anaangushwa na mtu anayeutilia shaka uanaume wake.

Othello, iliyochezwa ikuluni tarehe 1 Novemba 1604, inamhusu jemadari ambaye hakuna adui aliyemshinda. Iago, ofisa wake, hahitaji jeshi. Anahitaji kumfanya ajione machoni pa watu akiwa mume mwenye pembe, alama ambayo Waingereza walimchorea mwanamume ambaye mkewe ana mwingine. Katika Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kuwa Makbeth mwaka 1968, mume anasita kumwua mfalme aliye mgeni wake. Mke anamwita mwoga. Macbeth anajaribu kujibu kwamba kuna mipaka ambayo mwanamume akiivuka haongezi kitu, na jibu hilo ni la haki kabisa, ila halimsaidii: mke anamwambia kwamba alipothubutu ndipo alipokuwa mwanamume. Akishakubali kwamba mwingine ndiye mwenye kipimo, ameshalishika jambia.

Tamthilia hiyohiyo inaweka baba wawili karibu na mwisho wake. Siward, jemadari mzee, anaambiwa mwanawe ameuawa vitani. Anauliza kama majeraha yalikuwa upande wa mbele, anajibiwa ndiyo, anaridhika. Macduff anaambiwa mkewe na watoto wake wote wamechinjwa. Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, anamtaka ajikaze kiume. Macduff anasema atajikaza, lakini kwanza lazima auhisi msiba huu, naye auhisi kama mwanamume. Jamii nyingi zimewalea wavulana kwa neno kwamba mwanamume halii. Hapa mpiganaji ambaye ndiye atakayemwua Macbeth anaomboleza mbele ya wenzake, haombi radhi, na hakuna anayepunguziwa heshima. Katika tamthilia zote za kipindi hiki, ni nadra kumwona mtu akiamua mwenyewe maana ya kipimo anachopimwa nacho.

Coriolanus, ya karibu mwaka 1608, ni kinyume chake. Volumnia alimpeleka mwanawe vitani akiwa kijana na anahesabu makovu yake kwa furaha. Mwana ameshinda miji, lakini hawezi kuwaonyesha raia makovu hayo ili wampigie kura, kwa sababu anaona aibu kuwaomba watu wadogo wawe mashahidi wake. Anahamia kwa adui, anarudi kuichoma Roma, mama anapiga magoti, naye analainika. Aufidius, jemadari wa adui aliyekuwa akisubiri upenyo, anamtukana mbele ya watu: anamwita mvulana mwenye machozi. Shujaa aliyestahimili mikuki hawezi kustahimili tusi hilo. Anapayuka kuhusu mji alioushinda peke yake, akiwa katikati ya watu ambao ndugu zao ndio aliowaua humo; nao wanapiga kelele araruliwe, na wala njama wa Aufidius wanamwua. Kwa umati wa wanagenzi, tusi lile halikuhitaji ufafanuzi.

Njia nyingine

Watunzi wengine walijaribu kutafuta mwanamume wa aina tofauti. Thomas Heywood, katika A Woman Killed with Kindness ya mwaka 1603, anamleta Frankford, mwenye nyumba anayemfumania mkewe na mgeni aliyemkaribisha. Anachomoa upanga, mtumishi wa kike anamzuia mkono, naye anashukuru. Hampigi mkewe. Anampeleka kwenye nyumba nyingine na kila kilicho chake, kwa sharti kwamba hatamwona tena wala watoto. Mke anajinyima chakula hadi kufa. Heywood anamsifu Frankford, ila jina la tamthilia linakiri kwamba upole wake nao umeua.

Mwaka 1614 James alitoa tangazo dhidi ya mapigano ya kuitana kwa miadi. Tamthilia ya Thomas Middleton na William Rowley, A Fair Quarrel, iliyochapwa 1617, inamweka kapteni Ager kwenye mtego huo. Kanali amemwita mwana wa kahaba. Ager hataki kupigana mpaka ajue kwamba haki iko kwake, anakwenda kumwuliza mama yake. Mama, ili kumwokoa na kifo, anadanganya kwamba ni kweli. Ager anafika uwanjani na kukataa kuchomoa upanga. Kanali anamwita mwoga, naye Ager anafurahi: hilo anajua ni uongo, basi anaweza kupigana. Watunzi wamemfikisha mtu mwenye dhamiri palepale alipofika mwenye hasira.

Jibu la kuchekesha zaidi lilitoka kwa mwanamke. Mary Frith wa London alitembea mjini akiwa amevaa kiume. Mwaka 1611 Middleton na Thomas Dekker walimtungia The Roaring Girl, ambamo shujaa Moll, amevaa suruali, anamshinda kwa upanga bwana aliyedhani amekuja kulala naye. Frith mwenyewe aliketi jukwaani katika ukumbi wa Fortune akiwa na buti na upanga, akapiga kinanda cha nyuzi na kuimba. Mwaka 1612 mamlaka ya kanisa ilimsimamisha hadharani atubu. Mwaka 1620 mfalme aliwaagiza mapadri wawahubirie wanawake wenye kofia na visu vya kiume. Majibizano yalichapwa upesi, na katika kijitabu kimoja mwanamke wa suruali anamwambia mwanamume wa mapambo kwamba wanawake wameokota tu kile ambacho wanaume wamekitupa.

Mapambano ya wahubiri yalifikia kilele kwa William Prynne, aliyechapisha mwaka 1633 kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja dhidi ya maigizo. Aliwatukana pia wanawake waigizaji, wakati malkia mwenyewe alikuwa ameigiza ikuluni. Alitozwa faini ya pauni 5,000 na kukatwa masikio. Miaka minane baada ya hukumu yake, tarehe 2 Septemba 1642, Bunge lilifunga kumbi zote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, na Waingereza wakapata fursa ya kuthibitisha uanaume wao kwa risasi zilizokusudiwa.

Kumbi zilifunguliwa tena na kurudi kwa Charles wa Pili mwaka 1660. Agosti mwaka huo mwandishi wa shajara Samuel Pepys alimwona Edward Kynaston, mmoja wa wavulana wa mwisho wa kazi ile, akicheza mwanamke, akamwona bibi mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona maishani. Januari iliyofuata akamwona ndani ya mchezo mmoja akiwa mwanamke maskini, bibi wa kifahari, kisha mwanamume, na kila mara akaridhika. Kynaston alizeeka akicheza wafalme.

Kati ya ziara hizo mbili za Pepys, tarehe 8 Desemba 1660, mwanamke alipanda jukwaani katika ukumbi wa Vere Street kucheza Desdemona, mke wa Othello. Thomas Jordan alitunga utangulizi wa kuwahakikishia mabwana kwamba huyu ni mwanamke kweli, maana yeye mwenyewe alimwona akivishwa. Sasa mwanamke naye alitafutiwa shahidi. Upande wa wanaume hakuna kilichohama: Othello aliingia, Iago akamwuliza swali lake, na jemadari akaua kwa sababu alimwachia mtu mwingine kazi ya kumwambia yeye ni nani. Kubadilisha mvaa gauni kulikuwa amri ya mfalme tu. Kumwondolea mwanamume haja ya kushuhudiwa hakukuwa mikononi mwa mfalme wala Bunge, na mpaka majukwaa yale yanafungwa ni Macduff na wachache mfano wake waliokuwa wameionyesha njia.